Kompyuta Isiyo na Kioo

Kila ninaposikia harufu ya risasi ya kuchomea waya, hamu ya dagaa hunishika. Msinicheke. Kwetu Ujiji harufu hizo mbili zilikaa chumba kimoja, katika darasa tuliloazimwa kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Mafundi redio, wakulima kutoka Simbo na akina mama waliotoka kuanika dagaa ufukweni walizunguka kompyuta mbovu zilizotupwa na maofisi. Mwalimu Neema, aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya kufundisha fizikia, hakutaka mtu aeleze kompyuta ni ya kazi gani. Alitaka kila mmoja aseme angependa imfanyie nini. Mimi, mtoto niliyemfuata mama yangu, nilikuwa siwezi hata kukaa kitako kwa hamu.

Jumamosi moja kioo kikawaka. Nikajua katuni zimefika mjini. Kumbe mama yangu alikuwa na lake. Mvua ilikuwa imemharibia dagaa mara nyingi msimu ule, wakaoza, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Alishasema wakiloa tena anaacha biashara, tunafunga virago kwenda kwa bibi, Kasulu. Akasimama.

"Mwalimu, mimi kutwa nzima nimeinama. Hicho kioo nitakitazama saa ngapi? Nataka iniite mvua ikija."

"Basi tukitoe, mama Zaituni," akasema Mwalimu, akachukua bisibisi.

Nililia kwa hasira. Mama nilimnunia hadi kesho yake.

Mafundi wakaiwekea kompyuta ile kifaa cha kupima unyevu wa hewa na spika ya redio iliyokufa. Mama akakataa mlio wa kengele, akasema wenzake watadhani ni simu ya mtu. Ikarekodiwa sauti yake mwenyewe, mvua akiitaja kwa Kiha: "Imvura! Anueni, imvura inakuja!"

Kosa letu lilikuwa kuifunga kwenye kichanja chenyewe cha kuanikia, juu ya dagaa wabichi. Unyevu wa samaki ukapanda, na jua likiwaka kikweli kweli, mashine ikapiga kelele asubuhi nzima. Akina mama wakaanua, wakaanika, wakaanua tena, halafu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama hakucheka. Jumamosi iliyofuata darasa zima lilibishana, na mashine ikahamishiwa kwenye nguzo, mbali na vichanja, upande upepo unakotokea ziwani.

Siku chache baadaye, mbingu nyeupe kabisa, sauti ya mama ikaita. Hakuna aliyeinuka. Wanawake walimtazama mama, na mimi niliona aibu ikimpanda usoni.

"Zaituni, shika turubai," akasema.

Tukaanza wawili tu. Shangazi mmoja akatufuata huku analalamika, kisha wote wakaja, mbio, vikapu vikigongana. Tulipofunika kichanja cha mwisho, mvua ikamwagika kutoka upande wa Kongo. Niliruka ndani ya matope nikipiga vigelegele, na mama akaruka nami, mtu mzima yule.

Hatukwenda Kasulu. Siku zile nilidhani furaha yangu ilikuwa ya dagaa kupona. Ni ukubwani, baada ya kuuziwa vitu vingi vilivyokwisha kuamuliwa na wengine, ndipo nilipoelewa nilichokiona darasani. Mama yangu aliulizwa anataka nini, akajibu, nacho kikatengenezwa.