Nilimeza vidonge vya damu vya wajawazito: damu ikapanda, miguu ikazidi kufa ganzi

Wakuu, marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini kwa umri wangu napokea kabisa, shikamoo zenu mtanilipa baadaye.

Mimi ni bibi wa hapa Songea, Mjimwema. Shule niliishia darasa la nne, mkiona herufi imekaa vibaya rukeni mwendelee mbele. Ila majina ya watu sisahau. Na haya yamenipata mimi mwenyewe, kovu lipo mguu wa kulia, anayebisha aje nimwonyeshe.

Nianze.

Nina sukari tangu mzee wangu, marehemu Kosmas, yuko hai. Miaka yote hiyo nameza metformin asubuhi na jioni, sijawahi kuruka. Sukari ikawa inatulia, mimi nalima bustani yangu, naenda jumuiya, maisha yanakwenda.

Halafu nikaanza kuchoka.

Si uchovu wa jembe, ule naujua. Huu ulikuwa unanikuta nimekaa. Nikitoka sokoni Majengo na kikapu nasimama njiani kama namsubiri mtu, kumbe nasubiri pumzi. Viganja vikawa vyeupe. Ulimi ukawa laini na unawasha, chai ya moto siwezi kuinywa.

Nikaenda zahanati. Wakapima, wakasema damu imepungua, ni uzee na lishe. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikaambiwa nile matembele. Nikala matembele. Nikanywa juisi ya rozela mpaka jirani yangu mama Yustina akanitania, "Bibi Kanisia, sasa utakojoa nyekundu, watu wakimbie!"

(Wananiita Bibi Kanisia kwa sababu ya mjukuu wangu Kanisia ninayekaa naye. Wakati huo alikuwa mjamzito.)

Hakuna kilichobadilika.

Sasa wakuu, hapa ndipo kosa lilipoingia, na nina hakika halikuwa langu peke yangu hapa mjini.

Akina mama wajawazito kliniki wanapewa vile vidonge vya kuongeza damu, FEFO. Wengi hawavipendi. Vinawatia kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi. Lakini kutupa dawa nani anathubutu? Kwa hiyo kwenye jumuiya yetu, tukimaliza sala, mabinti wanawapa wazee. "Bibi, chukua wewe, una shida ya damu." Kanisia alinipa vyake. Sesilia alinipa. Yule mke wa Onorato aliyehamia juzi, Prisila, naye akaniletea kwenye kitambaa. Ni upendo tu, hakuna aliyeniwazia mabaya.

Nikaviweka kwenye kopo la chumvi, nikawa navimeza kama karanga.

Na vilifanya kazi! Ndiyo maana nasema mnisikilize vizuri. Niliporudi zahanati damu ilikuwa imepanda kidogo. Pumzi ikarudi. Nikajitapa jumuiya nzima kwamba nimejitibu, nikamwambia mama Yustina aache kunicheka.

Ila miguu.

Ilianza kama nimevaa soksi, na sijavaa. Baadaye ikawa kama si yangu. Siku moja nimetoka nyumbani na kandambili mbili, nimefika sokoni na moja. Anayeuza dagaa pale, Batromeo, akapiga kelele, "Bibi, mwenzake yuko wapi? Au wameachana?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni nilishtuka. Ile nyingine ilichomoka mguuni njiani na sikusikia.

Nikasema ni sukari. Kila mtu alisema ni sukari. Sukari inaua miguu, hilo nani halijui.

Mpaka asubuhi moja nasonga ugali jikoni. Kanisia akaingia, akanusa, akasema, "Bibi, unaunguza nini?" Nikamwambia sufuria iko salama. Akatazama chini, akapiga yowe.

Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye jiko. Nilikuwa nimelikanyaga. Mguu wangu mwenyewe unaungua, mimi nasonga ugali.

Wakuu, mtu wa sukari akipata kidonda cha mguu mnajua kinachofuata. Shoga yangu Rozalia alianza na kidole, wakaishia gotini. Niliyaona kwa macho. Nikiwa kwenye bodaboda ya Zenobi kwenda hospitali nilikuwa siombi kupona, naomba tu nizikwe na miguu yangu yote miwili.

Kule nikapokelewa na daktari kijana, Fidelis. "Shikamoo bibi." Nikamwambia, "Marahaba mume wangu, usinikate." Akasema, "Mke wangu, hata kisu sina." Nikampenda palepale.

Akasafisha kidonda. Akapima miguu kwa pamba na kile chuma kinachotetemeka, sikusikia. Akaangalia ulimi. Halafu akaagiza full blood picture, kipimo cha kuhesabu na kutazama chembe za damu, maana alisema sukari peke yake haielezi ulimi ule.

Majibu yalipotoka akasema, "Bibi, chembe zako nyekundu za damu ni kubwa kuliko kawaida."

Nikasema, "Basi si nzuri? Kubwa si ndiyo nguvu?"

Akacheka. Akanieleza kwamba inaitwa macrocytic anemia: chembe kubwa lakini chache na hazijakomaa. Mimi nilielewa hivi, kwa sababu nimewahi kupika maandazi ya kuuza. Ukiwa na donge la unga na huna kisu cha kukatia, yatatoka maandazi makubwa machache, na katikati hayajaiva. Kisu cha damu ni vitamini B12, na mwenzake anaitwa folate. Kimoja kikikosekana, chembe hazigawanyiki, zinavimba tu.

Mwenye upungufu wa madini ya chuma chembe zake huwa ndogo. Kumbe matembele na rozela nilikuwa nailisha njaa isiyo yangu.

Akaanza kutafuta sababu. "Bibi, pombe unakunywa?"

"Ulanzi wa msimu. Na komoni kwenye harusi."

"Harusi ngapi?"

"Wewe daktari au paroko?"

Akasema pombe nyingi nayo inakuza chembe. Ini pia, tezi ya shingo, baadhi ya dawa, na tumbo la uzeeni ambalo halinyonyi tena hiyo B12 kutoka kwenye chakula. Halafu akauliza dawa ninazomeza. Nikamtajia metformin. Akatikisa kichwa: hiyo, ukiimeza miaka mingi, inaweza kuzuia B12 isiingie mwilini.

"Nyingine?"

"Hakuna."

Kanisia na tumbo lake pale pembeni akakohoa. "Bibi. Kopo la chumvi."

Mimi wala sikulihesabu kuwa dawa! Kwangu ile ilikuwa zawadi. Nikamweleza. Daktari akaacha kuandika. Utani ukaisha.

Akasema, ndani ya FEFO kuna chuma na folic acid, yaani ile folate ya kutengenezwa. Folic acid inaweza kuinua damu ya mtu aliyekosa B12, kwa hiyo kipimo kinapendeza na kila mtu anafurahi. Lakini mishipa ya fahamu inaitaka B12 yenyewe, haidanganyiki. Damu inapanda huku miguu inakufa, na hakuna anayetazama chini.

Nilikuwa nimejitapa jumuiya nzima.

Damu ikapelekwa kupimwa B12. Jibu: iko chini sana. Tiba yake ni sindano.

Hapa kuna kitu kimoja cha bima kitawasaidia. Dirishani, kijana anaitwa Onesmo akasema sindano hizi haziwezi kupita kwa namba ya ugonjwa iliyopo, D64.9. Nikarudi kwa mume wangu, daktari Fidelis. Akasema D64.9 maana yake ni upungufu wa damu ambao sababu haijatajwa. "Ni kama kumwambia bodaboda akupeleke kwa Komba, Mjimwema. Atakuzungusha mpaka jioni." Kweli, akina Komba wamejaa. Hata kuandika chembe kubwa tu, akasema, ni kutaja umbo, si sababu, na hilo huangukia D53.9. Wangu ulishajulikana, upungufu wa damu wa kukosa B12, kundi la D51. Akairekebisha, Onesmo akagonga muhuri, tukamaliza. Kwa hiyo ukiona code kwenye karatasi yako, uliza inasema nini. Si siri.

Sindano alinichoma nesi Desderia. Mwanzoni mara kwa mara, baadaye kila mwezi, na nitaendelea nazo. Ulimi ulipona kwanza. Nguvu zikafuata. Metformin sijaiacha, daktari alikataza kuiacha kiholela, ila sasa B12 yangu inaangaliwa. Nakula dagaa wa Ziwa Nyasa, mayai, na maini yakipatikana. Kopo la chumvi limerudi kuwa la chumvi. Kanisia alimeza FEFO zake mwenyewe, kichefuchefu na vyote, akajifungua salama binti anaitwa Kosma, jina la marehemu mzee wangu.

Kidonda kilifunga taratibu sana. Hakuna aliyenikata.

Miguu ndiyo ilichelewa. Daktari aliniambia ukweli kwamba sehemu nyingine huenda isirudi, maana sukari nayo ina mkono wake. Vidole vidogo bado vimelala. Lakini juzi napukuchua mahindi uani, nikanyanyuka, nikakanyaga punje. Ikaniuma! Nikaita, "Kanisia, njoo, imeniuma!" Akaja mbio na mtoto mgongoni akidhani ni nyoka, akanikuta nacheka na machozi. Nikaikanyaga tena, makusudi.

Nilichojifunza: dawa ya mwenzako hata ikikufaa inaweza kuwa inakuficha kitu. Upungufu wa damu si ugonjwa mmoja, ulizeni ni wa chembe ndogo au kubwa, na kwa nini. Na mkiulizwa dawa mnazomeza, semeni na zile za kupewa.

Wenye uzoefu, na madaktari mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea, sitanuna. Na wewe mwenye mama au bibi wa metformin, leo ukifika nyumbani muulize: mama, sakafu unaisikia? Halafu njoo uniambie kajibu nini.

Mimi yangu naisikia. Asubuhi za Songea ni baridi kweli.