Kiti cha Kumbebea Shangazi Kikue

"Umeniua mara tisa," shangazi Kikue aliniambia mbele ya watu wote, kule juu kwenye uwanja wa hekalu. "Tisa, Tokuji. Hata kipindupindu hakimuui mtu mmoja mara tisa."

Mimi nilikuwa nimelala chali, natafuta pumzi. Tetemeko la asubuhi ile halikuniangusha. Kilichoniangusha ni vidato mia na themanini vya ngazi ya hekalu, na hili tumbo ambalo kwa miaka thelathini limekuwa likionja tofu, ile jibini ya soya ninayoitengeneza, kabla ya wateja. Mgongoni nilikuwa bado nimefunga kiti, basi nilikuwa kama kobe aliyegeuzwa.

Kiti chenyewe nilikiunda mwenyewe kwa mbao na mikanda, cha kumbebea shangazi siku ya tsunami. Ana miaka themanini na moja. Majirani walikisifu, nami nikavimba kichwa. Mwenye makalio hakuna aliyemuuliza.

Na angeulizwa angesema, maana shangazi hajawahi kuhitaji kubebwa. Miaka yote alikuwa akichemsha na kukausha mwani, na hadi leo kila alfajiri anavipanda vile vidato. Anatumia dakika kumi na moja. Mimi siku nzuri natumia kumi na saba, nikikaa mara mbili. Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu hangoji king'ora wala haendi kuchungulia bahari. Anavaa viatu, anachukua mkoba wake, anatundika kibao mlangoni, "Nimeshapanda," anaondoka.

Sasa kichekesho ni kwamba mkuu wa mazoezi ya kuikimbia tsunami mtaani kwetu ni mimi. Kipaza sauti ninacho mimi. Kila mwaka napiga kelele neno letu la huku, tendenko, yaani kila mtu na miguu yake: usimsubiri mtu, usimrudie mtu, mtakutana juu. Nikishamaliza kuwafokea wenzangu, najitwika kiti na kukimbilia kwa shangazi. Mazoezi manane, mara nane sikumkuta.

Asubuhi ile haikuwa mazoezi. Nilipitia mlango wa jikoni, kama ndugu tunavyopita, kwa hiyo kibao cha mlango wa mbele sikukiona. Nikavua viatu. Ndiyo, bahari iko njiani na mimi navua viatu nisichafue mikeka ya shangazi. Nikamwita chumba kwa chumba, nikafungua hadi kabati la magodoro. Kisha nikarudi kuvaa viatu, nikafunga na kamba zake, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kupanda vidato maji yalipoingia mtaani. Yote hayo mtaa mzima ulikuwa unayatazama kutoka juu, nyumba yake ikiwa wazi machoni pao.

"Lakini shangazi, maji yenyewe yalifika magotini tu," nikajitetea nikiwa bado chali.

"Ya magotini yakikimbia vile yanamzoa mtu mzima. Hata aliyejaa tofu. Na nani kakwambia yamekwisha?"

Katika tsunami ya miaka kumi na tano nyuma, mume wa shangazi, mjomba Eizo, alikuwa amekaa salama hapo hapo uwanjani. Wimbi la kwanza lilikuwa limerudi, akadhani ndiyo basi. Mtu akamwambia Kikue hajaonekana. Akashuka kumtafuta. Kikue alikuwa nyuma ya hekalu, anawagawia watoto maji. Wimbi la pili ndilo lililokuwa kubwa.

Hadithi hiyo ninaijua kuliko bei ya soya. Huwa naisimulia mwenyewe, kwa kipaza sauti.

Shangazi akachuchumaa karibu na kichwa changu. Safari hii hakupaza sauti. "Wewe huko chini unatafuta tu. Mimi huku juu ndiye ninayekuona ukitafuta. Sasa niambie, hawa wote wakisikia, kwamba siku nyingine utaupita mlango wangu."

Nikafungua mdomo. Lililotoka halikuwa jibu.

"Na wewe, shangazi? Ningekuwa mimi niko chini na tumbo hili, nawe unapita kwangu, ungenipita?"

Akanitazama. Akatazama bahari, ambayo ilikuwa inavutwa tena kutoka gatini, dalili ya wimbi jingine. Kisha akaanza kulegeza mikanda ya kifuani mwangu, mmoja mmoja, akaniviringisha ubavu kama gunia na kukivuta kiti. Nikadhani anakitupa. Akakivaa yeye, akaweka mkoba wake juu yake, akakaza mikanda hadi tundu la mwisho, akashika njia ya makaburini inayopanda juu zaidi nyuma ya hekalu. Hakugeuka nyuma kuona kama namfuata.