Betri ya Gari Langu Imekataa Kufa, na Sasa Sina Amani

Admin, pole kwa kazi, na salamu kwa nyinyi wote mnaosoma. Naomba jina langu lisionekane, kwa sababu ndugu yangu hufuata ukurasa huu na hakuna kisa kinachompita bila kusema lake.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, dereva wa trela. Napeleka mizigo Kampala na wakati mwingine Juba, kwa hivyo nyumbani kwangu, mtaani Kianda, naonekana kama mgeni. Nina mke na watoto wawili. Miaka miwili iliyopita nilinunua gari dogo, limechoka lakini ni langu. Wenzangu kwenye foleni ya mpakani Malaba walinicheka sana. Mzee mmoja tunayemheshimu barabarani aliniambia, "Wewe kijana, dereva wa masafa gari ni ya nini? Utanunua wewe, wataendesha wao. Peleka hiyo pesa nyumbani ujenge."

Sikumsikiza. Trela la tajiri lina tracker, nikisimama tu kununua maji simu inalia naulizwa nimesimamia nini, na mke wangu haruhusiwi hata kupanda. Nilitaka kitu ambacho nikikiendesha hakuna mtu ananifuata, niweke watu wangu ndani twende kanisani kama watu wengine. Mpaka leo sioni kosa hapo.

Tunakoishi gari halifiki mlangoni, vijia ni vyembamba. Ndugu yangu mdogo anaishi Kawangware, kituo cha 46, kwenye ploti yenye geti, basi nikawa naliacha kwake. Yeye huendesha gari la kusambaza mkate, lakini funguo za langu sikumpa. Moja natembea nayo, ya pili ilikuwa nyumbani ndani ya sanduku la nguo.

Sasa sikieni. Mwaka wa kwanza, kila nikirudi safari nilikuta betri imekufa. Tulikuwa tunalisukuma na ndugu yangu mpaka jasho litoke, watoto wa ploti wakitushangilia. Gari lenye betri mbovu likisimama wiki tatu haliwaki, hilo halihitaji fundi kukuambia. Lakini tangu mwaka huu uanze, nageuza funguo mara moja tu linanguruma. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nilifungua boneti, betri ilikuwa ile ile. Mara ya tatu nilimuuliza ndugu yangu ni nani huliwasha.

"Bro, nani ataiwasha na key uko nayo wewe?" akasema, macho kwa simu. "Labda betri imeamua kujipanga."

Betri haijipangi. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu kama ile funguo ya pili iko. "Si iko tu kwa sanduku vile uliiweka," akasema. Kweli ilikuwepo. Lakini alinijibu kabla sijamaliza swali, na hiyo haraka yake niliibeba mpaka Juba na kuirudisha.

Safari iliyofuata nikaamua kutega. Nilichukua kifuniko cha soda cha rangi ya machungwa nikakisimamisha kikiegemea tairi la nyuma. Gari likisogea hata kidogo, kitaanguka au kitapondwa. Niliangalia huku na huku, hakuna mtu. Sikumwambia yeyote.

Niliporudi, kifuniko kilikuwa kimesimama pale pale. Nilijionea aibu, nikajiambia kumbe nimekuwa nikiwashuku watu wangu bure. Nikainama nikiokote. Kilikuwa cha kijani.

Jamani, nilikaa chini hapo hapo kwenye vumbi na nguo zangu za safari. Mtu alitoa gari, akaponda kifuniko changu, akaelewa ni mtego, akatafuta kingine na kunirudishia. Huyo si mwizi. Mwizi hana haja ya kunituliza roho.

Nilienda nyumbani, nikatoa funguo ya sandukuni nikaitia mfukoni pamoja na yangu. Halafu nikamdanganya mke wangu kwamba nimepata mtu wa kulinunua lile gari. Nilitaka tu kuona uso wake. Huyu ndiye aliyeninunia mwezi mzima nilipolileta.

"Usiuze," akasema.

Nikamuuliza linamsaidia nini wakati mimi siko. Akaepua sufuria, akageuka. "Baba Junior, na wewe ukiwa Malaba, mimi huwa nakuwekea kifuniko kwa tairi gani?"

Sijawahi kumtajia kifuniko. Nikamuuliza kifuniko gani, naye hakupandisha hata sauti. "Hicho umefikiria wiki tatu badala ya kuniuliza. Ungeniuliza ningekuambia. Sasa kama unaniamini, Jumatatu ukienda niachie funguo. Kama huniamini, uza, na tusiulizane kitu tena."

Tangu hapo tunaongea mambo ya watoto tu. Wenzangu wanasema niweke tracker kimyakimya. Mimi ninayejua vile inauma kufuatwa, nimfanyie hivyo mama wa watoto wangu? Nikisema niuze, gari litaenda lakini yeye na ndugu yangu watabaki, na mimi nitaendelea kusafiri. Ndugu yangu naye hashiki simu zangu.

Leo asubuhi, mke wangu akimfunga mtoto kamba za viatu aende shule, nikajaribu mara ya mwisho kwa upole. Nikamwambia, "Lakini Mama Junior, funguo utafanyia nini na hujui kuendesha?"

Hakuinua kichwa. "Nani alikuambia sijui?"

Nampenda huyu mwanamke, na ninaogopa. Mzigo umeshapakiwa, Jumatatu naondoka. Wanaume kwa wanawake, msinitukane, nipeni akili: nimwachie funguo, ama niuze gari kabla sijajua ni nani alimfundisha na walikuwa wakienda wapi?