Vitu vya Mfukoni mwa Baba

Gereji yangu ya pikipiki iko Migori mjini, na kila siku inanuka mafuta ya taa. Tunayatumia kuoshea minyororo, beringi na chochote kilichoshika grisi. Wateja wapya hukunja pua. Mimi huivuta harufu hiyo kwa mapafu yote mawili, kwa sababu ndiyo harufu ya baba yangu. Helikopta hunywa mafuta yanayonuka karibu sawa na yale ya taa, na baba alikuwa fundi wa helikopta jeshini miaka yote ya utoto wangu. Alipokuja likizo nyumbani Karungu, harufu ile iliingia mlangoni kabla yake, na ikabaki kwenye shuka wiki nzima baada ya yeye kurudi kambini. Mama alichelewa sana kuzifua shuka zile. Alisema ni kwa sababu ya mvua, hata wakati wa kiangazi.

Mwaka huu nilikuwa nimeinamia karai la mafuta ya taa simu ilipolia. Alikuwa mzee Chacha wa Isebania, ambaye zamani alikuwa koplo chini ya baba. Hakumaliza hata salamu.

"Akinyi, wanamstaafisha Kumi na Saba," akasema. "Mwambie Sajini."

Kumi na Saba ni helikopta. Hiyo ndiyo namba iliyopakwa mkiani mwake, na askari waliomhudumia walimtaja kama mtu wa nyumbani, mwenye tabia na magonjwa yake. Mzee Chacha akanieleza kwamba kabla hajapumzishwa ataletwa Homa Bay watu wamwone, na wazee waliowahi kumhudumia watarushwa mzunguko mmoja juu ya ziwa. Niliweka simu chini kwa mkono wenye mafuta, nikakaa juu ya tairi. Mimi na Kumi na Saba tulikuwa na jambo letu ambalo halijaisha tangu nikiwa na miaka kumi.

Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka ikabeba daraja, na sisi wa Karungu tukabaki bila njia ya kutoka isipokuwa ziwani. Ijumaa moja mchana tulikuwa darasani tuliposikia mngurumo. Mwalimu alijaribu kuendelea na hesabu za sehemu, lakini madawati yalikuwa yanatetemeka, na yeye mwenyewe ndiye aliyefika dirishani wa kwanza. Helikopta yenye namba kumi na saba mkiani ilishuka kwenye uwanja wetu wa mpira. Upepo wake ulirusha nguo zilizoanikwa kwa majirani, na kuku watatu wa mpishi wa shule walikimbilia mahali ambapo mpaka leo hapajulikani.

Mlango ukafunguliwa, wakashuka askari watano. Wa tatu, mwenye ovaroli ya kijani na mguu wake wa kushoto unaotangulia kidogo, alikuwa baba.

Msomaji wangu, sikuwa mtoto mnyenyekevu. Miaka miwili mizima nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba baba yangu anatengeneza ndege, na hawakuniamini, hasa Ouma, mvulana aliyekaa nyuma yangu na kunivuta nywele. Sasa ushahidi ulikuwa umetua golini. Niliwaambia waliokuwa karibu kwamba yule ni baba yangu, kisha nikatembea kuwaambia waliokuwa mbali.

Walishusha magunia ya unga na mablanketi. Walipomaliza, ilibaki kazi moja: kumchukua mke wa mwalimu mkuu na kumpeleka hospitali kubwa. Ukuta wa jiko lake ulikuwa umelowa mvua ukamwangukia mguu, na sasa alikuwa amelala kando ya uwanja kwenye kitanda kilichobebwa na wanaume wanne. Mwalimu mkuu alikuwa amemshika mkono. Sikuwahi kumwona amemshika mtu mkono kabla ya siku ile.

Baba hakuwa akisaidia kubeba. Alikuwa nyuma, mkiani mwa helikopta, ameinamisha kichwa upande mmoja jinsi alivyokuwa akiisikiliza redio yetu betri zikianza kuisha. Aliweka kiganja pale, akakiondoa, akakirudisha. Kisha akaenda mbele kwa rubani, aliyekuwa mkubwa wake kwa vyeo vingi. Mimi nilikuwa nimejisogeza karibu, ili kila mtu aone jinsi ninavyofanana naye, kwa hiyo nilisikia kila neno.

Baba alisema kuna sauti mkiani ambayo haikuwapo asubuhi. Rubani akasema safari ni dakika ishirini tu, na wakifika wataiangalia vizuri. Baba akatazama kitanda, akamtazama mwalimu mkuu, akatazama chini.

"Afande," akasema, "mimi sipandi."

Kwa mafundi wa ndege kulikuwa na kawaida ambayo sisi wanakijiji hatukuijua. Fundi akisema ndege iko sawa, yeye mwenyewe hupanda. Asipopanda, haruki mtu yeyote, hata mwenye nyota begani. Rubani akazima kila kitu. Mapanga makubwa ya juu ya helikopta yakazunguka polepole, yakasimama. Kwetu sisi, kilichotokea ni kwamba mgonjwa alikuwa ameletwa, ndege ilikuwa tayari, na baba yangu akakataa kupanda.

Wakambeba mama wa watu wakampakia kwenye boti ya injini kuelekea Homa Bay. Maji yalikuwa na mawimbi, na kila boti ilipopanda na kushuka tulisikia kilio cha mgonjwa kutoka ufukweni, mpaka boti ikawa mbali. Watu walimpita baba bila salamu, na kwetu kumpita mtu bila salamu si jambo dogo.

Watoto hawakunyamaza. Kabla ya jua kuinama Ouma alikuwa ameshatunga wimbo. Ulikuwa na mstari mmoja tu, "Baba Akinyi anaogopa ndege", na ulichezwa kwa kutandaza mikono kama mabawa huku magoti yakigongana. Niliutunza ule mstari masikioni, kisha nikavua kandambili yangu iliyolowa tope na kumpiga nayo Ouma shavuni. Nikamwambia baba yangu haogopi kitu chochote duniani. Baba alikuwa hatua chache kutoka pale, anatoa spana kwenye sanduku. Alisikia, na hakugeuka.

Jioni alipokuwa ananawa, nilimuuliza kama aliogopa.

"Niletee sabuni," akasema.

Mama hakuwa na nafasi ya kuona aibu. Sisi ni Wasabato, na Sabato, siku tusiyopika, huanza jua likizama Ijumaa, kwa hiyo alikuwa na saa mbili za kupikia askari watano chakula cha siku mbili. Alichinja kuku, akasonga ugali wa watu kumi, akakaanga samaki, na alipofunika sufuria ya mwisho jua lilikuwa limebakiza ukingo. Kesho yake walikula kila kitu kikiwa baridi. Koplo Chacha, kijana wa Kikuria aliyezoea ugali unaotoa moshi, aliuma ugali ule uliolala akamtazama mama kwa huzuni kubwa. Mpaka leo analeta malalamiko.

Jumamosi hiyo helikopta nyingine ilileta sanduku la mbao lenye kipuri, na baba akaanza kazi saa ile ile. Mzee wa kanisa alikuja kumuuliza mama kwa upole kama ni sawa mumewe kushika spana siku ya Bwana. Mama akamjibu kwamba Yesu mwenyewe aliruhusu ng'ombe aliyetumbukia shimoni atolewe siku ya Sabato, na huyu pale uwanjani ni ng'ombe wa serikali. Mzee wa kanisa akafikiri kidogo, kisha akaenda kumtazama ng'ombe. Alikuta nusu ya waumini wake wako huko.

Mchana baba alikitoa kile chuma cha zamani kutoka mkiani. Alimwita mwalimu mkuu, aliyekuwa amerudi na boti, akakipangusa kwa kitambaa, akachukua kidole cha mwalimu na kukipitisha juu yake. Mwalimu alirudia mwenyewe, polepole. Palikuwa na ufa mwembamba usioonekana kwa macho, lakini ukucha ulizama. Baba akamwambia kwamba ufa huo ungefunguka angani, mkia ungekatika, na mkewe angekuwa ndani. Mwalimu mkuu alikaa kwenye nyasi. Baadaye alimpa baba mkono, akaushikilia muda mrefu.

Ungedhani wimbo wa Ouma ungeishia hapo. Haukuisha. Watu wazima walielezana habari za ufa, lakini sisi watoto tulikuwa tumeona kwa macho yetu mtu amekataa kupanda.

Kwa hiyo Jumapili asubuhi, kazi ilipoisha, nilisimama mbele kabisa. Kumi na Saba alikuwa anajaribiwa, rubani na fundi peke yao, na nilitaka Ouma aone. Baba alikuja moja kwa moja pale niliposimama. Akaniambia nitandaze sketi. Akatoa vitu vyote mfukoni, kimoja kimoja: kitambaa, kalamu, saa yenye mkanda uliokatika, sarafu, na ufunguo wa sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chao. Akavimwaga kwenye sketi yangu.

"Shika hivi, nyathina," akasema. Hivyo ndivyo Mjaluo anavyomwambia mwanawe.

Akapanda. Alipaa, akazunguka juu ya ghuba mara mbili, akashuka palepale. Mimi wakati wote nilikuwa nimekunja sketi kwa mikono miwili na kumtazama Ouma, si angani. Nilijua kwamba fundi haruhusiwi kupanda na kitu mfukoni kinachoweza kudondoka, na kwamba kati ya watu wote waliojaa uwanja ule nimechaguliwa mimi. Baba aliposhuka alirudisha vitu mfukoni, akaniacha na kalamu.

Mke wa mwalimu mkuu alipona, ingawa mguu ule ulibaki mfupi kidogo. Kila likizo baba alikuwa anakwenda kumsalimu kabla hajakaa vizuri nyumbani.

Habari za wimbo na sketi ndizo nilizobeba hadi Homa Bay mwaka huu. Mama alikataa kuja. Alisema helikopta ile ilishakula kuku wake wa kutosha. Alinipa leso yake ya kumfunika baba magoti, nami nikamwendesha mzee hadi uwanjani, ambapo Chacha na wengine watatu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, makoti yamepigwa pasi, wakibishana Kumi na Saba alivuja mafuta upande gani. Kila mmoja alikuwa na uhakika na upande wake.

Naye alikuwa pale. Rangi ilikuwa mpya, lakini umbo lilikuwa lilelile, na nikajikuta nataka kulia mbele ya watu.

Nikawahadithia wale wazee habari za sketi yangu, kwa maringo, kama nilivyoihadithia miaka yote. Walicheka. Chacha hakucheka.

"Mfuko wa kuwekea vitu ulikuwepo, Akinyi," akasema. "Wa turubai. Mimi ndiye nilikuwa nimeushika, nimesimama mlangoni. Sajini akanipita na mfuko wangu, akaja kwako."

Nilimgeukia baba. Alikuwa anamtazama Kumi na Saba.

"Ufunguo ulikuwa wa sanduku lenye karatasi zetu zote," akasema. "Cheti chako, kitabu cha posta, hati ya shamba. Kipuri nilikifunga bila vifaa vya kukipima. Niliogopa, nyathina. Ijumaa niliogopa, na Jumapili niliogopa zaidi."

Basi Ouma alikuwa amesema kweli. Miaka yote hii nimeubeba ule wimbo kama tusi, na nimewapiga watu wengi zaidi ya Ouma, kwa maneno tu, kwa ajili ya baba asiyeogopa kitu. Mtu huyo hakuwahi kuishi kwetu. Aliyeishi kwetu alikuwa mtu aliyeiamini hofu yake kiasi cha kuisema mbele ya mkubwa wake na kijiji kizima, na siku ya tatu akapanda nayo, akiwa ameshampa mtoto wake ufunguo wa sanduku. Nimekuwa na gereji miaka kumi na nne, na sheria yangu ni kwamba fundi aliyefunga breki ndiye anayeijaribu pikipiki kwanza. Nilidhani nawafundisha vijana wangu ujasiri. Kumbe nilikuwa nawafundisha kuogopa vizuri.

Wakaitwa wazee wapande. Baba alisimama mlangoni, akauliza nani aliyemkagua Kumi na Saba asubuhi ile. Akajitokeza msichana wa jeshi, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, ovaroli ya kijani, mikono imenyooka mbavuni.

"Ni mimi, mzee."

"Unapanda?"

"Napanda, mzee. Nitakaa kando yako."

Baba alimshika mkono, akautazama. Kucha zilikuwa nyeusi kwa grisi. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akaanza kutoa vitu mfukoni: miwani, simu, dawa za presha, kitambulisho, ufunguo. Mimi nilikuwa nimeshapiga goti, leso ya mama nimeitandaza kwa mikono miwili.

Msichana akafungua mfuko wake wa turubai. Baba akanipita, akaviweka vyote humo.