Arlys na Shamba la Kaskazini

Arlys Brungardt ni mkaidi, na simsengenyi, nimeshamwambia usoni. Miaka kumi na tisa nimemwendeshea lori la ngano huku mashariki mwa Colorado, na sijamsikia hata siku moja akiomba kitu. Huku kwetu watu hawaombi. Ukikwama unasema tu, "Leo gari langu haliwaki," kisha unazungumzia mvua. Mwenye masikio atakuja.

Mumewe Leland alipofariki, watu walidhani atauza shamba. Thubutu! Alivaa ovaroli ya marehemu, akaikunja miguu, akaendelea kulima. Mashine zote alizitengeneza mwenyewe. Kisha akanunua kombaini mpya ya kuvunia ngano, ile yenye kompyuta ndani, na balaa likaanzia hapo.

Mwaka wa pili wa mashine hiyo, ngano ikiwa imeiva na kukauka, kombaini ilinywea katikati ya shamba la kaskazini. Kifaa kidogo cha kupimia moshi kilikuwa kimekufa. Arlys alikuwa nacho kingine kipya, akakifunga kwa dakika ishirini. Injini ikawaka, lakini ikakataa kukaza mwendo. Kompyuta haikukitambua kifaa kipya, na ni fundi wa kampuni peke yake aliyekuwa na programu ya kukitambulisha.

"Kwani hicho kifaa kinaposa, mpaka kiletewe mshenga?" nikauliza.

"Cheka tu. Fundi anakuja Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Jioni jirani yetu Delmer Stroh, ambaye alikuwa ameshamaliza kuvuna, alisimamisha gari lake kando ya shamba.

"Vipi, Arlys, inakwenda?"

"Imepumzika kidogo."

"Haya, nanyi pumzikeni." Akaondoka zake!

Jamani, nilitaka kumkimbilia nimvute shati. Arlys akanikazia macho, nikanyamaza, na mpaka leo najuta. Jumatano mvua ya mawe ilishuka kwa dakika tisa. Ngano yote ikalala chini, hakuna cha kuokota.

Vuli ile mwanawe alimshinda kwa maneno, Arlys akamkodisha Delmer mashamba yote. Kombaini ikaingizwa bandani. Lakini Arlys hakutulia. Wabunge wa jimbo walipokuwa wanajadili sheria ya kuwapa wakulima haki ya kutengeneza mashine zao, aliendesha gari saa tatu mpaka Denver. Walimpa dakika tatu azungumze, naye akatumia moja. "Sikuja kuomba msaada," aliwaambia. "Nataka ufunguo wa kitu changu." Akaketi.

Sheria ikapita, ikaanza kazi Januari iliyofuata. Sasa kampuni ilibidi imuuzie mkulima programu ileile ya mafundi. Arlys aliinunua wiki ya kwanza. Akachomeka kompyuta yake kwenye kombaini mle bandani, na dakika nne baadaye injini ikanguruma kwa nguvu zake zote. Nilipiga vigelegele peke yangu. Yeye aliuegemea usukani.

"Natamani shamba la kaskazini," akasema. "Mara moja tu. Nilivune mwenyewe mpaka mwisho, bila kusimama."

"Si umwambie Delmer?"

"Hajaniuliza."

Ukaidi gani huu! Toka siku hiyo kila mazungumzo yalirudi huko. Tukila, shamba la kaskazini. Tukitoka kanisani, shamba la kaskazini. Kila mwezi aliiwasha kombaini, akaipaka grisi, akajaza mafuta, na hakuwa na pa kwenda nayo.

Julai, siku ya joto kali, simu ililia, sauti ya Delmer ikasikika mpaka nilipokaa.

"Arlys, kwema? Yangu imegoma huku shamba la kaskazini, inadai fundi. Na kuna wingu linajijenga magharibi. Haya, nilitaka kukusalimia tu."

Arlys akaweka simu chini. Uso wake ulikuwa wa msichana.

"Umesikia? Anataka nilete yangu."

"Nimesikia, mama! Twende!"

Alipanda kombaini kama hana magoti mabovu, akaiwasha, akaitoa bandani. Nje alitazama lile wingu. Alilitazama muda mrefu. Kisha akazima injini, akashuka, akaenda kuchukua kompyuta yake.

"Unafanya nini wewe?" Nilimpigia kelele, sikujizuia. "Si ndicho ulichokitaka?"

"Yake inakata upana wa futi arobaini, yangu thelathini, tena kwa mwendo wake itachelewa kufika. Nikivuna mimi, hatutamaliza kabla ya mvua. Washa gari."

Kombaini ya Delmer ni ya kampuni ileile, ila yeye programu alikuwa anasema atanunua kesho, tangu Januari. Arlys akachomeka waya, akabonyeza hapa na pale. Dakika nne.

"Ee! Imekwisha?" Delmer alikuna kichwa. "Mimi nilifikiri utakuja na yako."

"Ungesema."

"Si nilikupigia simu?"

"Ndiyo, ulipiga," Arlys akasema. "Panda, wingu hilo."

Akapanda kombaini yake. Sisi tukaketi kwenye pikapu, kompyuta mapajani mwa Arlys, tukimtazama Delmer akienda na kurudi. Arlys alikuwa analia wala hakujifuta. Matone ya kwanza yalipogonga kioo, ulibaki ukanda mmoja mwembamba kule mwisho. Nikamuuliza kama tuondoke.

"Bado," akasema. "Hajamaliza."