Siku Bibi Alipovuka Mkuku

Mafuta ya papa yananuka vibaya, wala sina haja ya kulipamba jambo hilo. Mafundi wa vyombo huyaita sifa, na huyapaka kwenye mbao zisinywe maji. Ukipita karibu nayo asubuhi, mchana unakula wali nayo na jioni unaswali nayo. Lakini nilipokuwa na miaka minane, katikati ya miaka ya sitini, harufu hiyo ilikuwa ndiyo furaha ya nyumba yetu pale Matrah, Omani, kwa kuwa ilimaanisha baba anatoka kazini. Tulikuwa na miaka miwili tu tangu tuje kutoka Unguja. Kule baba alikuwa fundi wa milango na makabati, mtu wa kuitwa hadi mtaa wa Mkunazini mjini kwa kazi nzuri. Matrah hakuna aliyemjua, akabeba magunia sokoni hadi mabega yakamchubuka. Kisha tajiri mmoja akaagiza ajengewe chombo cha abiria chenye injini, chenye vyumba vya kulala, vitanda na madirisha ya vioo, na msimamizi wa mafundi akamchukua baba kwa majaribio ya mwezi mmoja. Wao walikuwa wakikiita chombo. Sisi nyumbani tulikiita meli, tena kwa kujivuna, utadhani yetu.

Meli yenyewe ilikuwa bado ni mti mmoja. Wiki ya pili baba alituambia kuwa mkuku umeshalazwa, yaani lile gogo refu la chini ambalo chombo kizima husimama juu yake, na bibi akasema anataka kwenda kuuona. Bibi alikuwa mama yake baba, mwanamke wa miaka sitini na ushei, magoti mabovu na ulimi mzima. Baba alisita, maana wanawake hawakuwa na mazoea ya kwenda pale, lakini nani angembishia bibi? Asubuhi ya siku ile aliamka kabla yetu sote, akaazima sufuria kubwa kwa jirani, akaisugua kwa mchanga na majivu hadi ikang'aa, akaianika uani karibu na mbuzi tuliyekuwa tukimnenepesha kwa ajili ya Sikukuu Kubwa. Akavaa buibui, akanishika mkono, mama akabeba kapu la vitumbua vya mafundi, tukafuata njia ya pwani.

Nilitarajia kuona meli, nikaona uwanja wa mchanga, milima ya mbao, na wanaume wenye mashati yaliyoloa jasho wakichonga kwa tezo, tko, tko, tko, kila mmoja na mlio wake. Vipande vya mbao za msaji vilitapakaa kila mahali, vyekundu na vyenye harufu nzuri, nikaanza kujaza mfukoni. Mkuku ulilala katikati juu ya magogo mafupi, mrefu kuliko kichochoro chetu kizima. Baba alikuwa upande wa pili, akatupungia mkono huku akicheka kwa haya. Bibi hakuzunguka. Aliinua buibui lake, akaweka mguu mmoja ng'ambo, akaguna, akauvuta wa pili, akavuka.

Tezo zote zilinyamaza. Kisha makelele yakalipuka kwa Kiarabu, mmoja akashika kichwa, mwingine akatupa chini keke yake ya kutobolea mbao. Msimamizi, Ustadhi Nasir, alikuja mbio. Ujanani aliwahi kukaa Unguja misimu kadhaa, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kinampanda vizuri tu.

"Bibi, umefanya nini! Wallahi umeuruka mkuku!"

"Kwa magoti haya? Nimepita tu, Ustadhi."

"Mwanamke akivuka mkuku hushika mimba, halafu chombo kinadai roho ya fundi! Hujui?"

Bibi alimtazama, akajitazama tumbo, akacheka hadi akajishikilia begani kwa baba. "Mimi nna miaka yote hii, na mume wangu yuko kaburini zamani. Basi nikizaa, mtoto ntampa jina lako."

Mafundi waliokuwa wakifahamu Kiswahili walicheka, wakawatafsiria wenzao, nao wakacheka. Ustadhi aling'ata ndevu zake asicheke. Lakini imani yao haikuwa mchezo. Akamwambia baba achukue watu wake aende nyumbani, na hakuna atakayeshika tezo pale, baba wala mwingine, mpaka aliyevuka atoe sadaka ya mbuzi kwa mkono wake. Uso wa baba ulinywea. Ilikuwa wiki ya pili tu ya majaribio.

Mimi peke yangu ndiye niliyeona jambo jingine. Wakati wote walipokuwa wakimkodolea bibi macho, mama aliweka kapu chini, akakusanya pindo la nguo yake, akavuka mkuku kimya kimya, akarudi alikotoka. Alipogeuka macho yetu yakakutana. Akaweka kidole mdomoni.

Bibi hakulalamika hata kidogo. Mbuzi wa sikukuu alichinjwa jioni ile ile, na kesho yake pilau ilipelekwa pwani katika sufuria ile kubwa. Mafundi walikula hadi wakakwangua ukoko, na Ustadhi akamrudisha baba kazini. Sikukuu tulikula samaki. Mambo yakaisha kwa kila mtu isipokuwa mimi, kwa sababu sadaka, kwa hesabu zangu, ilikuwa ya bibi peke yake. Ya mama nani aliitoa? Na fundi nilimjua mmoja tu, naye ni baba yangu. Nikaanza kuomba nipeleke mimi chakula chake kila mchana. Walikuwa mafundi kumi na mmoja pamoja na Ustadhi, nami niliwahesabu kila siku kabla ya kuweka bakuli chini. Siku moja nikapata kumi, nikapiga ukelele uliowashtua hadi wavuvi. Baba alinirukia akidhani nimeumwa na nge. Yule wa kumi na mmoja akachomoza kutoka tumboni mwa chombo, ndevu zimejaa maranda, akauliza kama chakula kimeshafika.

Chombo kilinenepa, na mama naye akanenepa. Baba alijenga vyumba vinane, na kwenye kila mlango akachonga ua dogo la Kiunguja, ambalo hakuna aliyemwagiza. Siku ya kukishusha baharini, maji yalipojaa, watu wa Matrah walivuta kamba kwa vifijo, nami nilikuwa juu ya jiwe nikihesabu. Kumi na mmoja. Nililia kwa furaha, watu wakadhani nalilia meli. Siku nne baadaye mama alijifungua mtoto wa kiume, baada ya miaka minane ya kungoja, na bibi akatimiza ahadi yake kwa sauti kubwa mbele ya Ustadhi. Mtoto akaitwa Nasir.

Baba alifariki mzee, kitandani mwake. Chombo kile sijui kiliishia wapi. Siku hizi meli za watalii hutia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, ndefu kuliko mtaa, nyeupe, zina ghorofa nisizomaliza kuzihesabu, na hazinuki chochote. Ndugu yangu Nasir, mwenye kitambi na wajukuu, hunipeleka kuziangalia, tukakaa tunakunywa kahawa wakati watalii wakishuka kwenda kununua ubani sokoni. Nzuri, sikatai. Ila sijui nani alizichongea milango.

Mama, kabla hajatutoka, nilimuuliza hatimaye kama ni jirani aliyemfundisha mambo ya mkuku. Akacheka. "Jirani alimwambia bibi yako. Bibi ndo aliyenambia: mimi ntapita mbele wanitazame mimi, wewe pita nyuma yangu." Nikamuuliza kuhusu roho ya fundi, kwani fundi si mwanawe bibi? Mama akasema hilo hakuambiwa, alilisikia pale pale kwa Ustadhi, na bibi akamnong'oneza njiani asiogope, mbuzi ni wa wote wawili.

Ndipo nilipoikumbuka ile sufuria, imesuguliwa tangu alfajiri, inang'aa juani uani, kabla hatujatoka nyumbani.