Mawe Mekundu ya Ak-Tör

Zuurakan aliachwa na mumewe akiwa na miaka ishirini na tisa, na mtoto hakuwa naye. Hilo la pili ndilo lililoleta la kwanza. Akarudi kijijini kwa kaka yake na kasha moja la nguo. Wiki ya kwanza wifi yake alimkirimu kwa chai na mkate wa moto. Kufika wiki ya tatu, sufuria zikaanza kubamizwa jikoni kila Zuurakan alipopita, naye akaelewa.

Ndipo aliposikia kwamba kule juu mlimani, kwenye kituo cha wapima barafu wa Ak-Tör, wanatafuta mpishi. Akapanda kwa miguu siku nzima. Mkuu wa kituo alikuwa mama mmoja wa Kirusi, Lidiya Arkadyevna, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kupika unajua?" akauliza.

"Najua."

"Baridi huiogopi?"

"Namwogopa wifi."

Lidiya Arkadyevna akacheka mpaka akavua miwani. "Basi ingia. Jiko lile pale, linatoa moshi, nakuambia mapema."

Zuurakan akakaa miaka kumi na minne. Aliwapikia tambi na nyama ya kondoo, akawaokea mkate, akawashonea glavu. Mikono yake ilipopata nafasi, walimchukua barafuni kushika ncha ya tepu. Alijifunza kwamba ile barafu, nene kama ghorofa kumi, ni mto unaotembea polepole mno, na kwamba kila mwaka mahali unapoishia panarudi nyuma kidogo kuelekea kileleni. Alijifunza pia jambo jingine, ambalo kwake lilikuwa kubwa zaidi: katika miaka yote hiyo, Lidiya Arkadyevna hakumuuliza hata mara moja mume yuko wapi, wala watoto wako wangapi. Kijijini hakuna aliyemaliza chai moja bila kumuuliza.

Mwaka wa tisini na tatu nchi ilikuwa imekwisha kubadilika, Wakirgizi wamejitenga na Warusi. Mishahara ilikoma, mafuta ya jenereta yakakoma, na mwisho likaja lori kuchukua vifaa. Kabla ya kupanda lori, Lidiya Arkadyevna alimvuta Zuurakan pembeni. Mkononi alikuwa na tepu ya chuma, kopo la rangi nyekundu na daftari la shule.

"Sina haki ya kukuomba hili," alisema. "Hakuna atakayekulipa."

"Omba tu."

"Kila mwisho wa Agosti, pima kutoka jiwe la mwaka uliopita mpaka barafu inapoishia. Hapo paka rangi jiwe jipya, uandike mwaka. Kisha andika daftarini. Ukikosea, umekosea. Ila usiandike uongo."

"Lidiya Arkadyevna, miaka kumi na minne hukuniuliza kitu," Zuurakan akajibu. "Leo unataka kimoja, nikunyime?"

Wakakumbatiana, lori likaondoka.

Zuurakan akateremka kijijini. Kaka yake alimkatia kipande cha shamba, naye Zuurakan akajenga chumba na jiko, akapanda viazi, akafuga ng'ombe mmoja. Na kila mwisho wa Agosti aliazima farasi kwa jirani yake Moldosh, mchungaji aliyepiga hema lake kila kiangazi kwenye malisho ya chini ya Ak-Tör.

Moldosh alikuwa na ulimi usiolala. "Eje!" alipaza sauti kila akimwona anateremka, maana wote walimwita hivyo, dada mkubwa. "Mgonjwa wako ameamkaje?"

"Amekonda."

"Kwa mita ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mchinjie kondoo basi, apate nguvu!"

"Wa kwako yule mnene nitamchukua kesho."

Rangi ilipokwisha, ni Moldosh huyo huyo aliyemletea kopo la rangi wanayowatilia alama kondoo, akisema limekaa tu, litamkaukia. Hata hivyo alizidi kumtania, mpaka kiangazi kimoja chemchemi ya malisho yake ilipokauka katikati ya Julai. Agosti hiyo hakuuliza habari za mgonjwa. Alitandika farasi wawili, akapanda naye, akashika ncha ya tepu kimya, na mwaka uliofuata akaishika tena.

Mwaka wa 2004 theluji iliwahi. Ilianguka siku tisa mfululizo, ikafunika mawe na barafu pamoja, hata huwezi kujua hiki kinaishia wapi na kile kinaanzia wapi. Walipanda mara mbili, mara mbili wakarudi wamelowa. Jioni, Zuurakan alifungua daftari mezani.

"Andika kumi," Moldosh akasema, akipasha mikono kwa bakuli la chai. "Kila mwaka ni kumi, kumi na moja. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe hupati hata senti kwa kazi hii, eje."

"Ndiyo maana. Ningelipwa, labda ningeandika."

Akaandika hivi: *Theluji. Sikuona mwisho wa barafu. Tumepanda mara mbili.*

Ilipita miaka saba mingine. Kiangazi cha 2011 walifika wataalamu kutoka mji mkuu kufufua kituo. Kiongozi wao alikuwa binti wa Kikirgizi aitwaye Elnura, msomi, mwenye uso uliobabuka kwa jua. Alibeba picha za barafu zilizopigwa kutoka angani, na moyoni alikuwa na sikitiko. Toka kituo kufungwa, vitabu vya vipimo vya Ak-Tör vilikuwa vitupu. Picha kutoka juu zipo, lakini chache, nyingine zimezibwa na mawingu, na vipimo vya mtu aliyesimama pale na tepu havikuwepo kabisa. Ndivyo alivyodhani.

Alipopanda bondeni akakuta mawe mekundu. 1994. Hatua kadhaa mbele, 1995. Kisha 1996. Yalimwongoza moja baada ya jingine mpaka karibu na barafu. Elnura aliketi juu ya mojawapo. Halafu akateremka mbio mpaka hema la Moldosh.

"Baba, nani amepaka rangi mawe yale?"

"Tunaye kichaa mmoja," Moldosh akasema. "Tunampenda sana. Ngoja nitandike farasi nikupeleke."

Zuurakan alikuwa akichimba viazi. Alinawa, akaleta maandazi na siagi, akamimina chai, na mgeni alipokwisha kula ndipo akamtolea daftari. Elnura alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Kwenye 2004 kidole kikasimama.

"Mama, hapa mbona hakuna namba?"

"Namba haikuwepo, mwanangu."

Elnura akasoma yale maneno machache. Akafunika uso kwa viganja, akalia. Zuurakan akashtuka. "Nimeharibu? Yale mengine ni ya kweli, mawe yako pale, kapime mwenyewe!"

"Nitapima," Elnura akasema huku akijifuta. "Lakini nimekwisha kuamini. Mtu anayetaka kunidanganya angeanza na kuziba pengo hili."

Walipima mawe siku tatu. Matatu yalikuwa yamebingirika na mafuriko. Yaliyobaki yalilingana na daftari, na picha za angani zikakubali. Toka lori liondoke, barafu ilikuwa imerudi nyuma mita mia moja tisini na sita.

Ni Elnura aliyeitafuta namba ya Lidiya Arkadyevna kwa walimu wake. Bibi huyo alikuwa hai, mjini Tomsk huko kwao, ana miaka themanini na moja. Simu ikawekwa mezani katikati ya mabakuli, sauti juu.

"Zuurakan? Nilidhani utapima mwaka mmoja, miwili, kisha utachoka."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Imerudi kiasi gani?"

Zuurakan akamwambia.

"Asante," Lidiya Arkadyevna akasema. "Asante sana, mpenzi wangu."

"Wewe ndiye wa kushukuriwa. Ulinipa nyumba nikiwa sina."

"Nilikupa jiko lenye moshi!"

"Lilikuwa langu," Zuurakan akasema, na sasa ikawa zamu yake kulia.

Kuanzia hapo alitambuliwa rasmi kuwa mpimaji wa Ak-Tör, akapewa koti jekundu lililomzidi ukubwa. Vipimo vyake vilisomwa kwenye mkutano wa kijiji, na Moldosh, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, ndiye aliyewashawishi wachimbe bwawa la kuhifadhi maji ya majira ya kuchipua. Kiangazi kilichofuata viazi vya watu havikuungua kwa jua.

Mara ya mwisho alipopanda alikuwa na miaka sitini na saba, goti limekataa, amekalia farasi, wanafunzi wa Elnura wakitembea mbele. Binti mmoja alimuuliza kama haoni uchungu kuja kila mwaka kutazama kitu kinachokwisha.

"Naona uchungu," Zuurakan akajibu. "Lakini nimekunywa maji yake toka nizaliwe. Nisije hata kumwangalia?"

Wakamshusha taratibu. Akachota maji kwa kiganja pale yanapotoka chini ya barafu, akanywa, akakunja uso kwa ubaridi, akacheka. Kisha akauliza kama kuna aliyekumbuka kubeba birika.